Bizimu za Shaba kutoka Kakuma

Mimi sinunui chuma kwa macho. Macho ya mtu yeyote hudanganywa na kitu kinachong'aa, hata yangu, na yangu ni makali. Nikipewa bizimu, ile ya kufungia mkanda wa mkoba, kwanza naipima uzito kwa kiganja. Kisha naiangusha kwenye saruji nisikilize. Ya shaba ya njano, shaba ya mifereji na kufuli za zamani, hulia, na ule mlio hukaa hewani kidogo. Ya bati lililopakwa rangi ya dhahabu huanguka tap, basi. Baadaye naileta sumaku niliyotoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Halafu tupa, ile ya kunolea visu: nakwaruza upande wa ndani, mahali ambapo mwenye mkoba hataona. Kukitokea weupe chini ya ile njano, namrudishia mwenye duka bizimu yake na kumtakia siku njema.

Pete za kushikia mkanda nazijaribu kwa namna yangu mwenyewe. Nafunga pete kwenye boriti ya mlango, naning'iniza mtungi wa lita ishirini uliojaa maji, na kuuacha hapo kutwa nzima. Pete isiyofungua mdomo, hiyo ni pete. Hakuna aliyenifundisha jambo hili. Shule niliiacha darasa la nne kule Kalemng'orok, nikakaa kando ya barabara nikikata viatu vya akala kutoka kwenye matairi, na nilipoingia Lodwar nilikuwa na kisu, nyundo na sindano mbili. Leo mikoba yangu inabebwa na wanawake wa maofisi na wake za wakubwa, na wageni wanapanda nayo ndege. Anayedhani najisifu aje aushike mshono avute.

Mke wangu anakaa Kitale na watoto kwa ajili ya shule. Nyumba yao ni ya mawe, nimeijenga kwa ngozi ya mbuzi. Mimi hapa Lodwar nina karakana mbele na kitanda nyuma, mlango mmoja. Jioni napiga simu.

"Umekula?" mke wangu anauliza.

"Nimekula. Watoto?"

"Wanasoma."

"Wape simu."

"Wanasoma, baba watoto. Utaongea nao Jumapili."

Halafu tunakaa kimya, kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua, mpaka mmoja akate. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya nyumbani kwangu. Wateja wanakuja, ndiyo, lakini mteja anaongea na mkoba, haongei na fundi.

Mtu niliyekuwa naongea naye alikuwa Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, upande wa Wakongo. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya posho mili, kinu cha kusaga unga, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha vyuma na kumimina. Sufuria ndizo zilizokuwa nyingi, kwa sababu kila nyumba inataka sufuria nzito isiyounguza. Lakini aliweza kumimina kitu chochote. Anakandamiza mfano ndani ya sanduku la mchanga wenye unyevu, anautoa taratibu kama mtu anayemwondoa mtoto aliyelala, kisha anamimina ule moto kwenye shimo lililobaki. Mara ya kwanza nilimpelekea bizimu moja nzuri niliyoing'oa kwenye mkoba wa zamani wa mzungu. Aliigeuza, akainusa, akauliza nataka ngapi. Baada ya wiki alinipa thelathini, zimeng'arishwa kwa mchanga na majivu. Niliziangusha chini moja moja. Zote zililia.

Tangu siku hiyo sikununua tena vyuma Nairobi. Bizimu, pete, kulabu, hata ribiti za kushikia mikono ya mkoba, vyote vilitoka kwa mkono wake. Zipu tu ndizo zilizomshinda, na mwenyewe alikiri.

Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nafunga karakana asubuhi na kwenda Kakuma. Akiniona tu anapaza sauti kwa Kiswahili chake cha kwao: "Waziri wa Mikoba amefika. Mumutolee kiti."

"Waziri anapanda Landkruza," namjibu. "Mimi nimekaa nyuma na magunia."

"Ndiyo vile. Waziri wa nguvu haogopi vumbi."

Nilikuwa nakaa kwenye kiti hicho mpaka alasiri. Namweleza jinsi nilivyoanza, jinsi nilivyomshinda fundi fulani wa Kitale, jinsi mama mmoja wa ofisi alivyolia kwa furaha alipouona mkoba wake. Yeye anakanyaga mchanga na kucheka polepole. Siku moja aliniambia, "Muzee, weye uko sawa redio yenye haina kifungo." Lakini hakuniambia ninyamaze. Mchana mkewe alileta ugali na sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, na sahani yangu ilikuwa inakuja bila kuulizwa kama nimekula. Naye alinisimulia habari za ziwa la kwao, samaki wadogo wanaoanikwa, na baba yake aliyemfundisha kumimina. Hakusimulia mengi. Mimi ndiye niliyekuwa nasimulia.

Niseme ukweli ambao wakati huo sikumwambia mtu. Chini ya kitanda changu kulikuwa na makopo matatu ya vyuma. Bizimu za kutosha mwaka na nusu. Mtu akiniuliza naenda wapi, nilisema naenda kutafuta vyuma.

Kisha ukaja ule mwaka bomba la mtaa wetu lilipokauka.

Ngozi yangu inatoka kichinjioni. Ikitoka tu inapakwa chumvi ili isioze, maana kwa joto la Lodwar ngozi ya asubuhi inanuka kabla ya saa nane. Kabla sijaanza kuilainisha kwa maganda ya mgunga, lazima niioshe maji matatu: maji ya kwanza, niyamwage, ya pili, niyamwage, ya tatu. Maji yalipoanza kuja kwa mkokoteni, nikaona maji matatu ni anasa. Nikaosha mara moja tu. Ngozi ilitoka nzuri machoni, imelainika vizuri, rangi imeshika. Nikajiambia mimi ni mwerevu kuliko wazee walioanzisha kazi hii. Kazi ya siku tano nikawa naimaliza kwa siku tatu.

Wakati huohuo mbuzi wa jirani wakaanza kunitembelea. Naning'iniza mikoba kwenye kamba mbele ya karakana ili ionekane barabarani, na kila nikitoka nje nakuta mbuzi amesimama kwa miguu ya nyuma analamba mkoba. Niliwafukuza kwanza. Baadaye nikageuza kuwa maneno ya biashara. "Mama, unaona?" nilimwambia mteja. "Hata mbuzi anajua kazi nzuri." Mteja akicheka, ameshaingiza mkono kwenye pochi.

Ndipo nikapata kazi kubwa kuliko zote: mikoba ishirini na minne ya duka lililo ndani ya hoteli. Yote kwa bizimu za Kakuma. Niliipeleka kwa mkono wangu, nikaipanga mwenyewe kwenye rafu, nikasimama mbali kidogo nikaitazama.

Wa kwanza kurudi haukutoka hotelini. Uliletwa na mama mmoja wa ofisi, mteja wangu wa zamani. Aliuweka mezani, akaniinulia upande wa blauzi yake nyeupe. Palikuwa na doa la kijani, ukubwa wa bizimu.

"Fundi, hii ni nini?"

"Jasho labda, mama."

"Jasho langu ni la kijani?"

Niliishika bizimu. Ilikuwa imefanya ukoko wa kijani kuzunguka kingo zake, ukisugua, kidole kinabaki kimepakwa. Sikuwahi kuona jambo kama hilo kwa kazi yangu. Wiki iliyofuata hoteli walinipigia niende nikachukue mikoba yangu. Yote ishirini na minne. Niliibeba kwa gunia, mchana, nikipita katikati ya mji ninaojulikana.

Kesho yake nilikuwa Kakuma. Sikungoja kukaribishwa. Palikuwa na watu kama kumi na watano, wamekuja kuchukua sufuria zao, na fundi alikuwa anapiga kelele yake ya waziri. Nilimwaga zile bizimu za kijani juu ya meza yake, zikatawanyika mpaka chini.

"Umenimiminia takataka," nilisema.

"Muzee, kaa kwanza."

"Sikai. Umechanganya uchafu gani humu? Wewe huna cha kupoteza. Hapa nani anakujua? Mtu asiye na kwao ataharibu jina gani? Mimi jina langu linajulikana mpaka Kitale."

Nilisema na mengine. Mkewe alikuwa ametokea mlangoni na sahani, akarudi ndani nayo. Fundi aliokota bizimu moja, akaigusa kwa ulimi, akaiweka mezani. Halafu akasema, "Sawa. Enda." Nikaenda.

Nikarudi kwenye vyuma vya Nairobi; makopo ya chini ya kitanda sikuyagusa. Nilipigia maduka simu, nikatumiwa sampuli ndani ya bahasha. Zilikuwa nyepesi, zinang'aa kama meno mapya. Nilizikataa nyingi, nikachagua zilizokuwa afadhali, nikashona. Na kila baada ya wiki mbili asubuhi nilikuwa naamka nimeshavaa viatu kabla sijakumbuka kwamba sina pa kwenda.

Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa hicho chumba changu. Mtu hajui chumba ni kidogo au kikubwa mpaka akae ndani bila neno. Nilimwambia mke wangu kwenye simu kwamba bizimu za Nairobi hazilii. Akasema, "Kwani zinafaa kulia?" Nikamwambia si kitu. Nilianza kuongea na mikoba nikiwa nashona, nikijisifu kwa sauti, kisha nikajisikia, nikanyamaza. Ubishi wangu wote ulikuwa umebaki bila mtu wa kuucheka. Kuna siku nzima zilizopita, neno langu pekee likiwa ni "Ejok", salamu ya Kiturkana, kwa anayepita, na "Ejok" lake linanirudia, basi.

Miezi haikuwa mingi, vyuma vya Nairobi navyo vikaanza kuumuka. Rangi ya dhahabu ikafanya malengelenge, ikabanduka vipande. Nilikuwa nimekaa mlangoni mchana na mkoba mmoja wa hivyo magotini, nikitafuta tusi la kuwatumia watu wa Nairobi, bibi jirani alipokuja kumtoa mbuzi wake kwenye kamba yangu. Ni mama mzee, shanga zake zimemjaa shingoni mpaka kidevu, na haongei sana na sisi watu wa dukani.

"Bibi, mbuzi wako anapenda kazi nzuri," nilimwambia, maneno yaleyale ya kila siku, ingawa moyo haukuwepo.

Alimpiga mbuzi kofi la mgongo. "Kazi gani. Hii mbuzi inatafuta chumvi."

"Chumvi gani kwenye mkoba?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeletwa kutoka mjini. "Kwani wewe hukuchunga?"

Nilichunga. Nilichunga kabla sijaijua hata herufi moja. Najua mbuzi atatembea siku nzima kwenda kulamba ardhi nyeupe yenye chumvi, na atauacha mti wenye majani nyuma yake. Bibi aliondoka na mbuzi wake. Mimi nikainua ule mkanda wa mkoba, nikaulamba, mlangoni kwangu, watu wakipita barabarani.

Ulikuwa wa chumvi kama machozi.

Bado nilikuwa mbishi. Nilichukua bizimu mbili za Kakuma kutoka chini ya kitanda, mpya, ambazo hazijawahi kushonwa. Moja nikaifunga ndani ya ngozi yangu niliyoiosha mara moja. Nyingine ndani ya ngozi niliyoiosha maji matatu, na maji hayo niliyanunua. Nikazilowesha kidogo kama jasho la mtu, nikaziweka dirishani. Baada ya wiki mbili nilizifungua. Moja ilikuwa kijani. Nyingine ilikuwa njano kama siku ilipotoka kwenye mchanga, na nilipoiangusha ililia.

Kwa hiyo fundi hakukosa. Shaba yake ilikuwa shaba. Mikoba ishirini na minne niliiua mimi, kwa ujanja wangu wa maji, na aliyebeba lawama ni mtu pekee aliyekuwa ananitolea kiti.

Nilikwenda Kakuma siku ya katikati ya juma. Kibanda kilikuwa kimya. Alikuwa peke yake anachekecha mchanga, na aliponiona hakuita waziri. Aliendelea kuchekecha.

"Ni chumvi," nilisema. "Sikuosha ngozi vizuri. Shaba yako haina kosa."

"Miye nilijua."

"Ulijua lini?"

"Ile siku. Nililamba."

Nilikumbuka ulimi wake kwenye bizimu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeingiza neno wapi? Weye ulikuwa unaongea."

Nilimwambia anisamehe. Nilisema vizuri, hata mimi mwenyewe nilisikia kwamba nimesema vizuri. Alitingisha chekecheo mpaka mchanga wote ukapita, akakung'uta mawe yaliyobaki.

"Hapana vile," alisema. "Ile maneno ulisemaka mbele ya watu. Sasa unakuja kuniambia kwa sikio, siku hakuna mutu. Kuja siku ya mgao wa chakula. Watu wanakuwa mingi."

"Niseme mbele ya watu?"

"Miye sikuiti. Ukitaka."

Mke wake hakutoka. Sikuletewa kiti, na sikukiulizia.

Siku ya mgao ilikuwa imebaki wiki nzima. Nilirudi Lodwar nikajiambia mambo mengi. Kwamba vyuma nitapata kwingine; Eldoret kuna duka, nimesikia. Kwamba mtu wa umri wangu, mwenye nyumba ya mawe, hasimamishwi mbele ya sufuria kuungama kama mtoto wa katekisimu. Kwamba watu wa ile siku wameshasahau, wengine wameshahama. Haya yote yalikuwa kweli. Lakini kila nilipomaliza kujiambia, nilikuwa bado nimekaa kwenye chumba kilekile, na hakukuwa na mtu wa kunijibu kama nimeshinda au nimeshindwa. Asubuhi ya siku ile nilifunga karakana.

Walikuwa wengi. Akina mama wenye magunia ya mgao miguuni, wengine wanatoka upande wa Sudani, wengine Wakongo, kila mmoja na sufuria ya kuzibwa au kipande cha alumini cha kuyeyusha. Sikumwona hata mmoja niliyemkumbuka. Nilipita mbele. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye moto na koleo lake refu, akanitupia jicho, akalirudisha motoni.

"Mimi," nilianza kwa sauti, "ni fundi wa mikoba, na kutoka Lodwar mpaka Kitale hakuna asiyeni..."

Nilijisikia. Nikaacha hapo. Ilinichukua muda kupata pa kuanzia tena, maana sijazoea kuanzia mahali pengine.

"Nilikuja hapa siku moja nikamtukana huyu fundi. Nikasema chuma chake ni takataka, na kwamba hana kwao. Chuma chake ni kizuri. Kosa lilikuwa langu, la ngozi yangu. Niliyosema juu yake yalikuwa uongo, na yale ya kwao yalikuwa mabaya kuliko uongo."

Mtoto mmoja alikuwa analia mgongoni mwa mama yake. Mama huyo alinigusa kiwiko.

"Muzee, umemaliza? Miye nilikuwa mbele yako."

"Nimemaliza," nilimwambia.

Alipita na sufuria yake. Wengine wakasogea. Nilikuwa nimefikiri nitachekwa, nilikuwa nimejiandaa kuchekwa wiki nzima. Kumbe hakuna aliyekuwa na haja nami kiasi hicho. Fundi aliichukua ile sufuria, akaipitisha kidole chini, akaonyesha tundu. Wakaafikiana. Alinyanyua chungu cha moto kwa koleo, akakiinamisha, na ile alumini nyeupe ya sufuria ikaingia mchangani bila sauti.

Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale juani. Sikujua kama niondoke. Ndipo akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeongea na kazi yake:

"Weye, toka kwa jua. Unafunga watu njia."

Nilisogea ndani, nikasimama karibu na ukuta, kando ya masanduku ya mchanga. Kulikuwa na joto kuliko nje. Alimhudumia mama wa pili, na wa tatu. Hakuniuliza nimekuja kununua nini, na mimi sikusema.